Mvinje: Mti wa Pwani kwa Mashamba ya Buseresere

Aliyewahi kutembea ufukweni Bagamoyo, Malindi au Unguja ameuona mvinje, hata kama hakuambiwa jina lake. Ni mti mrefu wenye nyuzi za kijani zinazovuma upepo ukipita. Mawimbi yanafika karibu na shina, chumvi inarushwa na upepo hadi kileleni, nao unabaki kijani mwaka mzima. Wengi hudhani ni msonobari. Sivyo. Nyuzi zile ni vitawi vyenye vifundo, na majani halisi ni vimeno vidogo vinavyozunguka kila kifundo. Kwa umbo hilo mti hupoteza maji kidogo sana.

Ushahidi mkubwa wa uvumilivu wake uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Machimbo ya mawe ya saruji yaliacha pale sakafu tupu ya matumbawe ya kale, yenye maji ya chumvichumvi na jua lisilo na kivuli. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mdamasi na mnazi. Mvinje ndio uliobeba kazi. Tatizo likawa nyuzi kavu, ambazo haziozi haraka. Zilirundikana chini bila kuwa mbolea. Haller alipoona majongoo wenye miguu myekundu wakizitafuna, aliwaongeza kwa wingi, na kinyesi chao kikaanza kujenga udongo pale palipokuwa na jiwe. Leo mahali hapo ni Haller Park, msitu wenye twiga na viboko.

Watu wa Geita wana sababu ya kuitazama hadithi hiyo kwa makini. Ardhi iliyofukuliwa wanayo, na mahitaji ya miti hayapungui: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, yanahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na majiko yanahitaji kuni na mkaa. Nguzo ya mvinje hunyooka na ni ngumu, na kuni zake hutoa moto mkali.

Je, baridi? Buseresere, wilayani Chato mkoani Geita, iko mbali na bahari, tena juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo mvinje wa pwani humea vizuri hadi karibu mita 1,400, na usiku wa Julai Kanda ya Ziwa hauleti sakitu. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ndiyo inayouua, hasa ukiwa mchanga. Huko Florida, Marekani, mti huu umetapakaa kusini kiasi cha kupigwa marufuku, lakini kaskazini mwa jimbo hilo baridi imeuzuia. Kwa hiyo mkulima wa Makete, karibu na Kitulo, asiupande. Afadhali atafute ndugu zake: mvinje wa kingo za mito za Australia, unaovumilia sakitu, au ule wa milima ya Java na Timor. Mkulima wa Buseresere hana haja ya kuhofia baridi.

Hofu yake iwe kiangazi, mchwa, mbuzi na moto. Moto hasa: mvinje hauuvumilii.

Mbegu ni ndogo mno na huisha nguvu ndani ya miezi michache, hivyo zipandwe zikiwa mpya, kwenye mchanga mwepesi, na zilindwe dhidi ya sisimizi, ambao huzibeba zote. Kisha inakuja hatua inayosahaulika mara nyingi. Mizizi ya mvinje hushirikiana na bakteria aitwaye Frankia, anayenasa naitrojeni ya hewani na kuufanya mti ukue kwenye udongo maskini. Pasipokuwahi kupandwa mvinje, bakteria huyo anaweza kukosekana. Dawa yake ni kuchukua udongo chini ya mvinje uliokomaa na kuuchanganya kwenye viriba. Miche ihamishiwe shambani mvua za Novemba zikishika, kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, au udongo mwingine usiotuamisha maji, mita mbili kwa mita mbili. Mbuga nyeusi inayojaa maji wiki nyingi haifai.

Kuhusu marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, lazima isemwe wazi: mti kumea juu ya mchanga wenye zebaki hakuufanyi mchanga huo kuwa salama. Mboga zisipandwe hapo, hata kivuli kiwe kizuri namna gani.

Pwani ya Kenya wakulima huanza kuvuna nguzo baada ya miaka minne au mitano. Tofauti na mkaratusi, mvinje ukikatwa hauchipui vizuri kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo kitalu cha awamu ya pili kianzishwe angalau miezi sita kabla ya shoka, na mbegu zikusanywe kutoka kwenye miti iliyonyooka zaidi kabla haijauzwa.