Kutoa Kabureta, Kuweka Injekta: Shughulikia Ethi Kwanza

Kila feni ya rejeta ilipoanza kuzunguka, injini ilianza kulewa petroli. Harufu kali, mngurumo mzito, uchangamfu wote umekwisha. Feni ikizima, inatulia. Ukiwasha taa kubwa, inalewa upya. Nilihangaika na ugonjwa huu kiangazi kizima, na aliyeniuzia nyaya akashikilia kwamba kompyuta ya injini imekufa, ninunue nyingine kwake. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa, na ninaandika haya ili mwingine asitoe pesa zake bure.

Gari lenyewe ni la kuunda mwenyewe: chesisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi, viti viwili, paa hakuna. Hapa Uingereza ninakoishi watu wanayapenda sana magari haya. Unanunua chesisi na bodi, unachinja gari kuukuu ili upate injini, giaboksi na ekseli, kisha unajenga. Langu lilichukua viungo vya Ford Sierra, pamoja na injini ya Pinto ya lita 2 na kabureta yake ya Weber 32/36. Sitaisema vibaya kabureta hiyo. Lakini asubuhi za baridi inataka choki na subira, na kwenye kona kali petroli inaegemea upande mmoja wa bakuli mpaka injini inakata pumzi.

Sasa hatua. Anza na moto wa plagi, mafuta yasubiri. Katika baadhi ya Escort na Fiesta za miaka ya 1990 Ford waliweka kidude kiitwacho EDIS, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote vya kununua dukani, kwa sababu ni kigumu na kwenye majalala ya magari kinapatikana kwa bei ndogo. Kinasoma gurudumu lenye nafasi za meno 36, jino 1 limeondolewa, lililofungwa kwenye puli ya kranki. Kwa injini ya silinda 4, pengo la jino lile liwe mbele ya sensa pistoni ya kwanza inapobakiza digrii 90 kufika juu. Uzuri wake ni kwamba kikikosa amri ya kompyuta, chenyewe kinapiga moto digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa hiyo unaitoa distributa, unaiacha kabureta mahali pake, na gari linatembea. Ukishaamini moto, ndipo unagusa mafuta. Anayebadilisha vyote kwa pamoja, gari likigoma hajui pa kuanzia.

Mafuta nayapita haraka. Kabureta inaridhika na presha ya chini ya nusu baa. Injekta zinataka kama baa 3, hivyo pampu ni mpya, na mipira yote iwe ya daraja la R9. Msikubali mipira ya kabureta hata kama muuzaji anaapa. Petroli ya kawaida ya huku tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, na mpira usiofaa unaoza kutoka ndani. Weka kopo dogo la akiba kati ya tangi na pampu ya presha ili kona zisiivutishe pampu hewa, na ng'oa kwenye Ford yoyote iliyochakaa ile swichi inayokata pampu gari likigonga. Kwa Pinto ya nguvu farasi 120, injekta za sentimita za ujazo 200 hivi kwa dakika zinatosha. Kompyuta yangu ni MegaSquirt, ambayo Bruce Bowling na Al Grippo waliileta mwaka 2001 kwa ajili ya watu wanaotaka kuunganisha wenyewe kwa mkono. Inaaminika. Usianze kurekebisha vipimo vya petroli bila sensa ya oksijeni ya masafa mapana. Pua na masikio havitoshi.

Hatua ya tatu ni nyaya, na hapo ndipo kiangazi changu kilipoishia.

Kwenye skrini ya laptopu niliona jambo la ajabu. Maji ya injini yako nyuzi 88, feni inawaka, namba inaporomoka papo hapo hadi 70. Taa zikiwashwa, 60. Maji hayapoi kwa kupepesa jicho. Lakini kompyuta inaamini inachosomewa: injini ni baridi, basi iongezewe petroli. Nikampigia mjomba, aliyekuwa fundi umeme wa magari Gerezani, Dar es Salaam, enzi za Peugeot 504. Hajawahi kuigusa MegaSquirt. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjomba, bodi ya hilo gari si plastiki? Sasa ethi inarudia wapi betrini?"

Nikamjibu kuwa inarudia kwenye chesisi, na nimeipima kwa multimita, omu ni karibu sifuri.

"Usiupime waya umelala," akasema. "Ubebeshe mzigo, ndipo uupime."

Nimelipia mafunzo mengi maishani. Hakuna lililonifaa kama hilo. Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja ikae juu ya nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe, si klempu yake. Ncha ya pili ishike boliti ambako ethi za sensa zimefungwa. Washa feni. Kwangu ilisoma volti 0.35, na taa zilipoongezwa, 0.6. Namba hiyo ilipaswa kukaribia sifuri. Sensa ya joto la maji hufanya kazi ndani ya volti 5 tu, na injini ikipata moto inabaki chini ya nusu volti. Ukiisukumia 0.35 kutoka nje, umeidanganya kompyuta kwa nyuzi nyingi. Kisha isogeze ncha ya pili hatua kwa hatua kuelekea betri: chesisi ya mbele, chesisi ya nyuma, boliti ya waya mkuu, klempu. Mahali namba inapodondoka ghafla, ndipo pana ugonjwa. Kwangu palikuwa boliti ya waya mkuu, iliyokazwa juu ya rangi nene ya kuokwa.

Rangi ilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ilikuwa ya muuzaji wa nyaya: karatasi yake ya maelekezo iliagiza ethi za sensa zifungwe kwenye chesisi mbele, jirani na feni. Nilipompelekea vipimo, alijibu kwamba hivyo ndivyo anavyowatengenezea wote, akanipunguzia bei ya kompyuta mpya. Sikununua, na sitanunua tena kwake hata fyuzi.

Nilifanya hivi. Ethi za sensa zote zinarudi kwenye kompyuta, hazigusi chesisi popote. Ethi za kompyuta zinakaa pamoja kwenye boliti moja ya bloku ya injini. Kutoka bloku hadi betri, waya wa milimita za mraba 25. Kutoka chesisi, mwingine kama huo, juu ya chuma kilichokwanguliwa kikang'aa, kukiwa na washa ya meno, kisha grisi kwa juu kuzuia kutu. Nyavu inayofunika waya wa sensa ya kranki iungwe ethi upande mmoja tu. Nikawasha feni na taa zote: volti 0.02. Maji, 88, hayatikisiki.

Tangu hapo gari linawaka kwa mguso mmoja hata vioo vikiwa vimeganda barafu. Kabureta ya Weber nimeisafisha na kuifunga gaskiti mpya. Mwenye Cortina au Capri ya Pinto anayeihitaji aniandikie. Nitamuuzia kwa bei ya gaskiti.