Milango ya Mto Rufiji: Somo juu ya Mahali Mto na Bahari Vikutanapo

1. Mlango wa mto ni nini?

Watu wengi husema ya kuwa mto huishia baharini. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mto mkubwa haumwagi maji yake baharini kama mtu amwagavyo ndoo. Hukutana na bahari, na hapo wakutanapo huwa nchi ya namna yake, wala si bara wala si bahari. Mara mbili kila siku maji ya chumvi hupanda wakati wa kujaa, na mara mbili hurudi wakati wa kupwa. Siku za bamvua hupanda mbali sana, na siku za maji mafu hupanda kidogo tu. Maji ya mto nayo hushuka, yakichukua udongo wa bara. Maji hayo mawili yakichanganyika, mwendo wa mto hupungua, udongo huzama, na tope hukusanyika mwaka baada ya mwaka hata likawa ardhi.

Kwa somo hili hapana mahali pafaapo kuliko milango ya mto Rufiji, iliyo katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, nchi ya Tanzania, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Mto huu hupokea maji ya mito ya Luwegu, Kilombero na Ruaha Mkuu, na nchi yote ambayo mvua yake huingia Rufiji ni yapata kilomita za mraba 177,000. Basi mvua inyeshayo katika milima ya Iringa hupita mbele ya nyumba za wavuvi wa pwani kabla ya kuingia baharini. Ukikaribia bahari mto hugawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko wa yapata hektari 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara.

2. Miti ya maji ya chumvi

Tumezoea kusema "mikoko" kwa miti yote ya tope la pwani, lakini mzaliwa wa huko huita kila mti kwa jina lake. Uko mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hushuka kutoka katika shina kama miguu ya buibui. Uko mchu, ambao hutoa vimizizi vingi vilivyosimama katika tope ili kuvuta hewa, na ambao hutoa chumvi kwa njia ya majani yake. Uko mlilana, usimamao mbele kabisa na kukabili mawimbi. Uko mkandaa, ambao magome yake yana dawa ya kulainishia ngozi. Na msinzi, na mkomafi. Na msikundazi, upendao mahali ambapo maji si ya chumvi sana. Kila mti una kiasi chake cha chumvi na cha tope. Kwa hiyo maji yakibadilika, miti nayo hubadilika, na mtu mwenye macho aweza kuusoma msitu huo kama asomavyo kitabu.

3. Kazi ya msitu huu

Kwanza, mizizi hushika tope, na pwani isipoteze ardhi yake. Dhoruba ijapo, mawimbi huvunjika katika miti kabla ya kufika nyumbani kwa watu.

Pili, msitu huchuja maji. Udongo mwingi ukifika baharini hufunika matumbawe, nayo hufa. Matumbawe ya Mafia, ambayo tangu 1995 yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hayako mbali na milango ya Rufiji.

Tatu, msitu ni nyumba ya kulelea watoto wa bahari. Tutazame habari ya kamba. Kamba mkubwa hutaga mayai baharini. Watoto wake, wadogo hata ni taabu kuwaona kwa macho, huchukuliwa na maji ya kujaa mpaka ndani ya mikoko. Humo hupata chakula katika majani yaliyooza, na mizizi huwaficha wasiliwe na samaki wakubwa. Wakiisha kukua kwa miezi michache, hurudi baharini, na huko huvuliwa. Basi anayekata mikoko hakati kuni peke yake. Anavunja chumba cha kulelea watoto, na hasara yake ataiona mvuvi aliye mbali, asiyemjua hata jina.

4. Habari za zamani

Biashara ya mikoko ni ya kale. Kwa karne nyingi majahazi yaliingia Rufiji wakati wa kaskazi, yakapakia boriti, yakarudi nazo Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea. Mtu atazamaye nyumba za mawe za Unguja au Lamu ataona vyumba virefu na vyembamba. Sababu yake ni kwamba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Msitu huo ulikuwa mnene hata mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, jina lake Königsberg, iliweza kujificha ndani ya matawi ya mto. Waingereza walitumia miezi mingi kabla ya kuiangamiza tarehe 11 Julai 1915.

Serikali zote zilizopita ziliuona msitu huu kuwa ni mali. Katika miaka ya 1928 hata 1932 mikoko ya Tanganyika iliwekwa kuwa misitu ya hifadhi. Mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuiangalia mikoko ya nchi nzima. Tena mwaka 2004 nchi ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliandikwa katika orodha ya Mapatano ya Ramsar, ambayo ni mapatano ya mataifa ya kulinda nchi zenye maji.

5. Mambo yanayoharibu

La kwanza ni mashamba ya mpunga. Katika miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yaligeukia matawi ya kaskazini. Chumvi ikapungua huko, na watu wakaona ya kuwa mpunga waweza kuota palipokuwa na mikoko. Wakakata miti, wengine wakaibambua magome ili ife ikiwa imesimama, wakapanda. Miaka ya kwanza mavuno huwa mazuri. Kisha kaa hukata miche, magugu huongezeka mpaka mkulima hawezi kuyashinda, naye huliacha shamba akaenda kufyeka jingine. Mahali alipopaacha pamejaa magugu, na mikoko huchelewa sana kurudi. Hivyo shamba la miaka michache hugharimu msitu ambao babu zetu waliukuta umesimama.

La pili ni ukataji wa boriti, fito na kuni usio na kiasi. Mti mmoja mmoja ukikatwa, msitu hujiponya. Wakikata wote mahali pamoja, tope hukauka juani, chumvi huzidi, na mche hauoti tena.

La tatu ni uvuvi mbaya. Wako wavutao makokoro na nyavu zenye macho madogo, wakachukua hata vitoto. Wako watiao utupa au dawa za wadudu katika maji. Dawa hiyo huua samaki wote, mkubwa na mdogo, na mlaji naye hapati salama. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilizisimamisha meli za kukokota nyavu za kamba, kwa kuwa kamba walikuwa wamepungua. Lakini haifai kuisimamisha meli kubwa, kisha mwenye kokoro akaendelea kuvua watoto.

La nne latoka mbali, nalo ni mambo ya bara. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulipita mwaka mzima katika Hifadhi ya Ruaha, tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na sababu kubwa ni maji yachukuliwayo kumwagilia mashamba ya mpunga ya Usangu. Tena limejengwa bwawa kubwa la Julius Nyerere. Kazi ilianza mwaka 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukatoa umeme mwaka 2024. Nguvu yake yote ni megawati 2,115, na nchi ilikuwa na haja ya umeme huo. Lakini yatupasa kujua ya kuwa bwawa hushika udongo kama lishikavyo maji. Tope lililokuwa likijenga milango ya mto sasa huzama ndani ya bwawa.

Wengine wametutangulia katika jambo hili. Bwawa Kuu la Aswan lilipozuia mafuriko ya Nile tangu miaka ya 1960, dagaa wa mlango wa Nile walipungua kwa miaka mingi, na pwani ya Misri ikaliwa na mawimbi. Huko Msumbiji, baada ya kujengwa mabwawa ya Kariba na Cahora Bassa katika Zambezi, mafuriko ya mto yalipungua, na kamba wa pwani ile wakapungua pamoja nayo. Na Pangani, ambako mto umewekewa mabwawa na maji yake kuchukuliwa mashambani, maji ya chumvi yamepanda juu mtoni.

La tano ni bahari yenyewe. Dunia inapata joto, na bahari yapanda kidogo kidogo. Msitu wa mikoko huweza kupanda pamoja na bahari, ikiwa tope lipya laja kuuinua. Tope likikosa kuja, na miti ikiwa imekatwa, bahari itaingia bila ya kizuizi.

6. Je, mkulima ni adui?

Mtu ataweza kusema, "Basi wafukuzwe wote." Neno hilo ni jepesi kulisema, lakini si la haki. Watu wa Rufiji walilima kwa kufuata mafuriko muda mrefu kabla ya kuandikwa hifadhi yo yote. Maji yakiisha kupwa katika bonde walipanda mlau, yaani mazao ya kiangazi katika ardhi iliyobaki na unyevu. Mafuriko yaliwaletea mbolea na samaki, ingawa mara nyingine yaliwaletea msiba, kama yale ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mtu ambaye shamba lake la bonde limekosa maji, au limezidiwa na maji, atatafuta chakula penginepo. Akienda kufyeka mikoko haongozwi na uovu. Aongozwa na njaa.

Tena wenyeji hao wamekwisha kuonyesha ya kuwa waweza kuulinda msitu. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika maelfu ya hektari za milango ya Rufiji. Mpango huo ulikubaliwa na wakubwa. Lakini wenyeji wengi waliukataa, wakaenda mahakamani, na mabwawa hayo hayakuchimbwa. Wavuvi na wakulima ndio waliosimama mbele.

Mtu atasema tena, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Twamjibu kwa mithali nyingine ya wazee wale wale: akiba haiozi. Mikoko ni ghala ambayo funguo zake hazikuachwa kwetu peke yetu.

7. Yatupasayo kufanya

Kwa viongozi wa vijiji: Sheria ya Misitu ya 2002 yaruhusu wanakijiji kuulinda msitu pamoja na Serikali. Ombeni mipaka ioneshwe waziwazi, ili mtu asiadhibiwe kwa mpaka asioujua. Mahali pa kukata pawekwe kwa zamu, pakatwe kisha papumzishwe. Na mkulima anayeambiwa aondoke katika mikoko aonyeshwe kwanza ardhi ya kulima. Mtu mwenye njaa hasikii hotuba.

Kwa wavuvi: vikundi vya ulinzi wa pwani visiwe jina tu katika daftari. Mwenye kutia sumu majini anawaibia wote, hata ndugu zake.

Kwa wapandao miti: usipande mkoko mahali pa mchu. Tazameni kwanza ni mti gani uliosimama hapo zamani, na maji hufika mpaka wapi. Mara nyingi ikiwa maji yaingia na kutoka vema, mbegu zitakuja zenyewe na msitu utarudi bila ya jembe.

Kwa wenye kuangalia bwawa na mifereji ya bara: maji hayahesabiwi kwa umeme na mpunga peke yake. Fungu la mlango wa mto nalo lihesabiwe, na lifunguliwe kwa majira yake, karibu na masika, kama mto ulivyozoea.

Na sisi tukaao mbali na pwani tusidhani ya kuwa habari hii haituhusu. Anayelima mteremko wa Iringa pasipo kuzuia udongo, na anayefungulia maji yote ya Usangu shambani mwake, wote wawili ni majirani wa mvuvi wa Nyamisati, ijapokuwa hawajaonana.

8. Maswali kwa waalimu na wanafunzi

(1) Eleza tofauti ya bamvua na maji mafu, na lipi kati yake hupeleka chumvi mbali zaidi mtoni.
(2) Taja miti mitano ya tope la pwani, na kwa kila mmoja useme alama yake.
(3) Mtoto wa kamba huingia mikokoni kwa sababu gani, na hutoka lini?
(4) Bwawa lililo mbali na bahari laweza kuipunguza pwani kwa njia gani?
(5) Katika kijiji chako uko mto au kijito. Waulize wazee wawili kilivyokuwa walipokuwa watoto, uandike majibu yao, kisha ulinganishe na yale uyaonayo leo.