Akaunti za Nyumbani, Fomu za Marekani

Ritani ya kodi Marekani hukabidhiwa kufikia Aprili 15. Kwa Mkenya au Mtanzania wa Dallas anayeajiriwa, kazi huonekana imekwisha akishanakili tarakimu za fomu W-2. Lakini katika Jedwali B, sehemu ya tatu, linamsubiri swali la ndiyo au hapana: je, mwaka uliopita alikuwa na akaunti ya fedha nje ya nchi, au mamlaka ya kuweka sahihi kwenye akaunti ya aina hiyo? Wengi hutia "hapana" huku SACCO ya Nairobi ikiendelea kupokea michango yao.

Ni nani anayehusika?

Raia wa Marekani, mwenye kadi ya kijani, na mgeni aliyekaa nchini siku za kutosha kuhesabiwa mkazi kwa sheria ya kodi. Hao hutozwa kodi ya mapato yao ya dunia nzima: riba ya Mombasa, gawio la hisa za Dar es Salaam, kodi ya pango ya Kisumu. Kuacha pesa hukohuko bila kuzihamishia Marekani hakuondoi wajibu huo.

FBAR ni nini, na inaanzia kiasi gani?

Ni taarifa ya akaunti za nje, iliyotokana na sheria ya mwaka 1970. Hutumwa kwa mtandao kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani, wala haiambatanishwi na ritani. Huhitajika pale jumla ya akaunti zote inapozidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka.

Neno la kuangaliwa ni "jumla". Tuseme mtu ana shilingi 800,000 za Kenya benki na 600,000 kwenye SACCO. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni takriban dola 10,770, na akaunti zote mbili huripotiwa. Hata kama Aprili alizitoa zote kununua kiwanja Kitengela, kinachoangaliwa ni salio la juu kabisa la mwaka, likibadilishwa kwa kiwango cha Wizara ya Fedha cha Desemba 31.

FBAR haina kodi ya kulipa. Ni taarifa tu. Mwisho wake ni Aprili 15, na anayechelewa huongezewa muda hadi Oktoba 15 bila kuomba.

Pesa ni za chama, si zangu. Bado niripoti?

Ndiyo. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mweka hazina wa chama anayeishi Marekani na anayetia sahihi kutoa pesa anahesabiwa, hata kama hana senti yake humo. Binti aliyeingizwa kwenye akaunti ya mama yake ili amlipie hospitali naye yumo. Kila mmoja huandika salio lote, si fungu lake.

Na fomu 8938?

Hiyo ya kuripoti mali za kifedha za nje ilizaliwa na sheria ya FATCA ya 2010, na huenda pamoja na ritani. Kwa asiye na mwenzi anayeishi Marekani, huanzia dola 50,000 siku ya mwisho ya mwaka, au 75,000 wakati wowote. Wanandoa wanaojaza pamoja, 100,000 au 150,000. Kujaza moja hakufuti nyingine.

Shamba au nyumba iliyo kwa jina la mtu mwenyewe haiingii kwenye fomu hizi mbili. Kodi ya pango, hata hivyo, huingia kwenye Jedwali E, na akaunti inayoipokea huhesabiwa.

Kenya imeshanikata. Nitalipa mara mbili?

Kwa kawaida hapana, ila hesabu ifanywe sawasawa. Riba ikiwa shilingi 60,000, benki hukata asilimia 15, yaani 9,000, na kuweka 51,000. Kosa la kila mwaka ni kuripoti 51,000. Kinachoripotiwa ni 60,000. Zile 9,000 hudaiwa kwa fomu 1116 zipunguze kodi ya Marekani. Cheti cha makato kutoka benki ndicho ushahidi.

Aliyekaa miaka bila kuripoti afanyeje?

Faini ya FBAR kwa asiyekusudia sasa inaweza kupita dola 16,000. Mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba faini hiyo ni kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti; dai la dola milioni 2.72 likashuka hadi 50,000. Kwa aliyekusudia, inaweza kufika nusu ya salio.

Aliyelipia mapato yote akasahau FBAR pekee huweza kuituma na maelezo, kabla IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haijamtafuta, na kwa kawaida hatozwi faini. Aliyeacha kuripoti mapato bila kukusudia ana utaratibu maalumu: ritani za miaka mitatu zirekebishwe, FBAR za miaka sita zitumwe, na kwa anayeishi Marekani, atozwe asilimia 5 ya mali ya kifedha ya nje isiyoripotiwa. Aliyeficha kwa makusudi aanze kwa wakili wa kodi, kwa kuwa mazungumzo na mtayarishaji wa ritani hayana kinga ya siri katika kesi ya jinai.