Mtamba wa Baba na Hesabu ya Kufanana

Likizo iliyopita nyumbani Buger, wilayani Karatu, mtamba wetu alipotea. Siku ya nne akaonekana kwenye kundi la watu, kijiji cha jirani. Mwenye kundi akagoma: "Ng'ombe weusi wenye mabaka meupe wako wangapi hapa?" Baba alikuwa na ushahidi mmoja tu, picha niliyokuwa nimempiga mtamba kwa simu yangu. Wazee wakaitazama simu, wakamtazama mnyama, wakairudia simu. Swali lao ndilo somo letu leo: tunapimaje kufanana kwa vitu viwili kwenye picha?

Jibu la haraka ni rangi. Picha ya simu ni jedwali la namba. Kila nukta ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Tunaweza kuhesabu nukta nyeusi na nyeupe kisha tulinganishe. Lakini mwenye kundi alishatuonyesha kasoro yake: ng'ombe wengi wana rangi hizo hizo.

Jibu la pili ni kutoa nukta kwa nukta. Nalo linafeli. Mnyama akisogea hatua moja tu, au jua likishuka, namba zinabadilika na mnyama ni yule yule.

Dawa ni kuchagua alama chache zinazojitokeza, mfano kona za mabaka, na kila alama kuipa orodha ya namba inayoeleza umbo linaloizunguka. Mwaka 1999 David Lowe, mtafiti wa Kanada, alitoa njia iitwayo SIFT. Yenyewe hutumia namba 128 kwa kila alama. Sisi tutumie tatu. Picha ya kwanza ina alama A (4, 7, 2). Picha ya pili ina B (5, 7, 2) na C (1, 3, 2). Umbali tunaupata kwa Pythagoras ile ile ya sekondari:

A hadi B: √(1 + 0 + 0) = 1
A hadi C: √(9 + 16 + 0) = 5

Umbali ukipungua, kufanana kunaongezeka. Kwa hiyo A inalingana na B. Lowe akaweka tahadhari: gawa umbali mdogo kwa unaoufuata. Hapa 1 ÷ 5 = 0.2, safi. Ikizidi 0.8 achana nayo, maana wagombea wawili wamekaribiana mno. Mwisho, alama zilizolingana lazima zikae kwa mpangilio ule ule katika picha zote mbili.

Jirani zetu wa Tarangire, watafiti wametumia programu ya Wild-ID, inayotegemea SIFT, kutambua twiga kwa mabaka yao. Bila hivyo twiga mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili, na idadi ikatudanganya. Programu inatoa maksi za kufanana; uamuzi wa mwisho ni wa mtu.

Wazee wetu hawakuijua SIFT. Walitafuta baka la begani, dogo lililo chini yake, na kona ya lile la pajani. Mpangilio ukakubali, mtamba akarudi. Ila picha ilikuwa ya ubavu wa kulia tu. Mnyama angepigwa upande mmoja na kukaguliwa upande mwingine, tungeumia. Mwanachuo mwenzangu, ukienda likizo, piga mifugo ya nyumbani pande zote mbili. Na mwanafunzi akikuuliza Pythagoras inasaidia nini, usikasirike. Mpe ng'ombe wawili.