Somo la 9: Asidi Hutoa Haidrojeni Hatua kwa Hatua

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba asidi ikiyeyuka katika maji hutoa ayoni za haidrojeni. Ayoni hizo zina chaji chanya, nazo ndizo ziifanyazo ndimu kuwa kali ulimini.

Molekuli moja ya asidi ya ndimu ina haidrojeni 3 za kutoa. Je, hutoka zote kwa pamoja? La. Ya kwanza hutoka kwa urahisi. Ikishatoka, sehemu iliyobaki huwa na chaji hasi, nayo huivuta ya pili kwa nguvu zaidi. Ya tatu hushikiliwa kwa nguvu kuliko zote.

Jaribio
1. Loweka maua makavu ya rosela katika maji ya moto, kisha uyachuje.
2. Tia matone 5 ya maji ya ndimu. Rangi inakuwaje?
3. Koroga majivu ya kuni katika maji. Acha yatuame. Tia maji ya juu katika rosela, tone moja moja, huku ukihesabu. Angalia yasikuingie machoni.

Utaona kwamba wekundu hauondoki upesi. Kila besi ya majivu inapoondoa ayoni ya haidrojeni, asidi hutoa nyingine, mpaka zote ziishe.

Asidi katika udongo
Delta ya Mto Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti, ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote nchini Tanzania. Tope la mikoko mara nyingi huwa na chuma kilichoungana na salfa. Likifunikwa na maji halitoi asidi. Lakini katika sehemu fulani za delta mikoko imekatwa ili kulima mpunga. Tope la namna hiyo likikauka, hewa huingia, na asidi salfuriki huweza kutokea. Asidi hii ina haidrojeni 2: katika maji ya kwanza hutoka upesi, ya pili hufuata. Chokaa itiwayo shambani yapasa itoshe kuziondoa zote mbili. Isipotosha, mizizi ya mpunga hudhurika. Basi kuzuia asidi isitokee ni rahisi kuliko kuiondoa.

Maswali
1. Kwa nini haidrojeni ya pili hutoka kwa shida kuliko ya kwanza?
2. Ulitumia matone mangapi ya maji ya majivu? Linganisha na wenzako.
3. Eleza kwa nini tope la mikoko lisikaushwe ovyo.