SOMO LETU: MTAFITI HUANZA KWA KUULIZA

Leo tutajifunza kazi ya mtafiti wa sayansi. Tuanze na kijana wa hapa Tanzania, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa akisoma Magamba, Lushoto. Wanafunzi walichemsha maziwa na sukari, wakayapoza, kisha wakayatia katika friji yawe aiskrimu. Siku moja nafasi ilikuwa karibu kwisha. Mpemba akaingiza maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliingiza ya baridi. Ajabu! Ya Mpemba ndiyo yaliyotangulia kuganda.

Alimwuliza mwalimu. Akaambiwa amekosea. Wenzake wakamcheka. Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Osborne alirudi chuoni, jambo lile likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walilieleza katika jarida la sayansi. Mpaka leo watafiti wanabishana juu ya maji: wengine wameliona jambo hilo, wengine wamejaribu wasilione. Kubishana kwa vipimo ndiyo kazi yao.

Sasa tutazame kompyuta mpya, ziitwazo za kwantamu. Simu na kompyuta tulizozoea huhesabu kwa alama mbili: 0 na 1. Kompyuta ya kwantamu yaweza kutumia vitu vidogo mno, kama atomu. Kabla ya kupimwa, atomu huweza kuwa katika mchanganyiko wa 0 na 1. Fikiri sarafu inayozunguka mezani: huwezi kusema imelala upande gani mpaka itulie. Huo ni mfano tu wa kutusaidia.

Mashine hizi ni dhaifu. Joto au mtikisiko kidogo huharibu hesabu. Basi mtafiti hupima jambo lile lile mara nyingi, huandika, na huwapa wengine wakague.

Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitumia mashine ya namna hiyo yenye atomu 12. Waliona kilichokuwa mbali zaidi na utulivu kikitangulia kutulia. Jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba. Swali lililochekwa Lushoto limefika mbali!

Je, sisi wa Bariadi tunafanyaje? Hebu tujaribu katika pamba. Chagua vipande viwili vya shamba vilivyo sawa. Panda mbegu moja, siku moja, palilia sawa. Badilisha nafasi ya mistari tu. Wakati wa kuvuna, pima pamba ya kila kipande peke yake. Andika katika daftari. Rudia mwaka ujao, maana mvua hazifanani.

Tena, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimcheke. Mwambie, "Twende tukajaribu."

MASWALI
1. Mpemba alifanya nini baada ya kuchekwa?
2. Kwa nini mtafiti hupima mara nyingi?
3. Wewe una swali gani kuhusu shamba lako? Liandike.