Dawa ya ‘kufungua njia’ haipunguzi uchungu

SWALI: Daktari, nina mimba ya pili, imeingia mwezi wa nane. Mtoto wa kwanza nilimzalia Nairobi katika hospitali ya kibinafsi, nikadungwa epidurali, sindano ya kutuliza uchungu, nikajifungua vizuri bila upasuaji. Mwaka jana mume wangu alihamishiwa kazi Kitale. Kliniki ninayohudhuria hapa wameniambia sindano hiyo hawana. Tangu siku hiyo usingizi umenipotea. Mama mkwe wangu yuko upande wa Chwele, Bungoma, na ameniambia nisijisumbue, miezi ikitimia niende kwake. Kuna mama huko anayechemsha dawa ya kufungua njia, na wake wote wa boma hilo wameitumia, uchungu ukawa wa saa moja au mbili tu. Je, niinywe kabla ya kwenda hospitalini? Ama kuna sindano ninayoweza kununua kwenye duka la dawa nikaiweka nyumbani?
Msomaji, Kitale

JIBU: Usiinywe. Na usinunue sindano. Nimeyaweka hayo mwanzo kwa sababu najua wapo wanaosoma mstari mmoja wa safu hii kisha wakafungua kurasa za michezo.

Hofu yako naielewa. Ulizaa mara ya kwanza ukiwa umetulia, na sasa unaambiwa uingie bila kile kilichokutuliza. Tutaifikia epidurali. Lakini kwanza tuzungumze kuhusu dawa ya Chwele, maana swali hili halinichoki ingawa mimi limekwisha kunichosha. Huyu huiita ya kufungua njia, yule ya kulainisha nyonga, mwingine ya kuharakisha. Barua hutoka Kimilili, hutoka Endebess, hutoka Cherangany, na sifa ya dawa ni ile ile: inafupisha uchungu.

Watu huufikiria uchungu wa uzazi kama gunia la mahindi ambalo uzito wake umekwisha pimwa: ukilibeba mbio, utalitua mapema. Sivyo. Miti ya dawa hizo, ile yenye nguvu kweli, haina ganzi ndani yake. Kazi yake ni kuulazimisha mji wa mimba ubane kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi, na kubana huko ndiko kunakouma. Mama anakunywa maumivu akidhani anakunywa nafuu. Dawa isiyofanya kazi itakutapisha na kukuharisha, basi. Inayofanya kazi ndiyo ninayoiogopa.

Sitakuchorea ramani ya viungo, haitakufaa usiku wa uchungu. Shika jambo moja tu. Kila mji wa mimba unapobana, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua, na unapolegea, mtoto hupata tena. Kwa hiyo yale mapumziko kati ya uchungu mmoja na mwingine si yako peke yako, ni ya mtoto pia. Dawa ya kuchemsha huyala mapumziko hayo. Uchungu huja juu ya uchungu, mtoto huchoka, huenda haja tumboni na kuyachafua maji, na wengine huzaliwa wamelegea bila kulia. Kisha jamaa huuliza hospitali imemfanya nini mtoto wao.

Najua utakaloniuliza: mbona nyinyi hospitalini pia mnatia dawa ya kuongeza uchungu? Ndiyo, tunatia. Inaitwa oksitosini. Huingia kwa dripu, tone kwa tone, na kiasi chake kimeandikwa. Muuguzi husikiliza moyo wa mtoto na kuhesabu jinsi mji wa mimba unavyobana, na ukizidisha kubana, dripu hufungwa, nguvu ya dawa ikapungua baada ya dakika chache. Sasa niambie kikombe cha mizizi hufungwa wapi. Aliyechimba mizizi hajui nguvu yake, aliyeichemsha hajui imetoa kiasi gani majini, na wewe unayekunywa hujui kama kikombe kimoja ni kingi au ni kidogo. Ikishateremka kooni, hakuna wa kuitoa.

Jambo baya kuliko yote ni mji wa mimba kupasuka. Aliye hatarini zaidi ni mwanamke mwenye kovu la upasuaji, aliyezaa mara nyingi, au ambaye mtoto amelala vibaya. Wewe hukufanyiwa upasuaji, na nashukuru, lakini barua hii watasoma pia waliofanyiwa. Wengi hudhani kupasuka huja na mayowe. Mara nyingine huja na kimya. Uchungu uliokuwa ukifuatana hukatika ghafla, na watu chumbani hushusha pumzi: dawa imefanya kazi, mwacheni apumzike kidogo. Kumbe damu inamwagika ndani ya tumbo na mtoto ametoka kwenye mji wake. Mama akianza kutokwa jasho baridi na kizunguzungu ndipo pikipiki hutafutwa, na kutoka hapo hadi chumba cha upasuaji cha Bungoma au cha Kitale ni safari ambayo si wote huimaliza.

Na ushuhuda wa wake wa boma? Wanaokusimulia ni waliopona. Isitoshe, uzazi wa pili na wa tatu kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa kwanza, hata kwa mwanamke aliyekunywa chai ya rangi peke yake. Dawa husifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili wa mama.

Kama kuna anayesoma hapa na tayari ameinywa, namwomba jambo moja: mwambie muuguzi mara tu unapofika mapokezi. Wengi huficha wakiogopa kufokewa, muuguzi akaona uchungu una mparaganyo, akaanza dripu juu ya dawa asiyoijua. Hatari inakuwa maradufu. Anayekufokea kwa kusema ukweli huo amekosea yeye.

Duka la dawa silo njia nyingine. Kuna wanaouza vidonge vya misoprostoli kwa siri, eti vya kuanzisha uchungu. Navyo hufanya yale yale niliyoyaeleza, tena kwa kasi. Kuna wanaotoa Brufen au sindano ya diclofenac kwa sababu mama ana maumivu. Dawa hizi mbili hazimfai mjamzito mwenye mimba kubwa, kwani zinaweza kudhuru figo za mtoto na kuufunga kabla ya wakati mshipa wa damu anaouhitaji akiwa tumboni.

Sasa epidurali. Haihitaji dawa tu, inahitaji mtaalamu wa ganzi aliye karibu nawe muda wote na watu wa kukupima shinikizo la damu tena na tena. Katika hospitali nyingi za umma nje ya miji mikubwa wataalamu hao ni wachache, na waliopo wako chumba cha upasuaji wakishughulikia akina mama wanaozaa kwa kisu. Sindano ya mgongo wanayopewa hao ni nyingine: ni ya muda mfupi, ya kuwezesha upasuaji. Kama bado unaitaka epidurali, piga simu wiki hii kwa hospitali kubwa za Eldoret au za kibinafsi uulize kama ipo, kama ipo usiku, utatoa kiasi gani mfukoni na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, italipa kiasi gani. Kisha uliza umbali. Sindano iliyo Eldoret haimsaidii mwanamke ambaye uchungu umemshika saa nane za usiku akiwa Kitale na hakupanga gari.

Wodi nyingine zina petidini. Uliza kliniki yako kama wanayo na wanaitoa lini. Hiyo haiondoi maumivu yote, hukulegeza na kukupunguzia makali. Ukiiomba mtoto akiwa karibu kutoka watakunyima, nao watakuwa na haki, maana inaweza kumfanya mtoto azaliwe na usingizi na kupumua kwa shida.

Yaliyobaki watu huyadharau kwa sababu hayauzwi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu kujifungua, limependekeza mama awe na mtu amchaguaye wa kukaa naye, atembee na kubadilisha mikao, anywe na kula akiwa hana tatizo la kumzuia, akandwe mwili, awekewe kitambaa cha moto, na afundishwe kupumua. Mtu wa kukaa naye ndiye muhimu zaidi, na hapa namgeukia mama mkwe wako. Amezaa, amezalisha wajukuu, anajua kumshika mtu mkono usiku kucha. Aje na ujuzi huo. Uchungu ukikubana, aweke kisigino cha kiganja chake chini ya kiuno chako, pale mgongo unapoishia, asukume kwa nguvu mpaka uchungu upite. Achovye leso kwenye maji ya moto, aikamue, aipime kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, kisha akuwekee hapo hapo. Akupe uji, akupe maji, akukumbushe kwenda haja ndogo. Wewe usilale chali. Tembea, piga magoti ukiegemea kitanda, yumbisha kiuno, toa pumzi polepole kwa mdomo uchungu unapopanda. Uliza mapema kliniki kama wodi yao inaruhusu mtu wa kukaa nawe. Wakikataa, waulize kwa nini, kwa adabu, tena mbele ya msimamizi wa wodi.

Sitakudanganya kwamba haya ni sawa na epidurali. Utaumwa. Lakini kuumwa ukiwa na mtu wa kukushika si sawa na kuumwa peke yako ukitazama dari, na wewe una faida ambayo hukuwa nayo Nairobi: mwili wako umewahi kufunguka. Mwongozo huo huo unasema kwamba kwa aliyewahi kuzaa, kuanzia njia inapofika sentimita tano hadi ifunguke yote, kwa kawaida muda hauzidi saa kumi, na wengi humaliza kabla ya hapo.

Kuna jingine ambalo hukuliandika ila nalisoma katikati ya mistari. Magharibi yetu hii hatupendi mtu alie. Kijana wa Kibukusu husimama mbele ya mtahiri Agosti ya mwaka shufwa bila kupepesa jicho, na nimesikia wakwe wakidai hivyo hivyo kwa mke anayezaa, kana kwamba dakika chache za kisu zinalingana na usiku mzima wa uchungu. Wauguzi wengine nao wameurithi ukali huo. Agosti 2013, miezi miwili baada ya serikali kutangaza kujifungua bila malipo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa na waliotakiwa kumhudumia. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Wenzangu wa wodi za uzazi waisome hukumu hiyo. Mwanamke aliyepigwa kofi akizaa mtoto wa kwanza, wa pili atamzalia kwa yule mama wa mizizi, na hatutakuwa na uso wa kumlaumu. Wewe ukitaka kulia, lia.

Ila usilie ukiwa umekaa nyumbani, na hapa sina upole. Kila anayechelewa ana sababu: tulingoja uchungu ukolee, tulingoja mume, tulingoja kuche, tulingoja mvua ipungue. Mvua ya Aprili na Mei haimngojei mtu, na njia za kushuka kutoka Mlima Elgon au Cherangany zikilowa, hata gari lenye nguvu hulala tope. Kama utaenda Chwele, nenda ukijua utazalia hospitali gani, iwe ya Chwele yenyewe, Bungoma au Webuye, na upeleke huko kijitabu chako cha kliniki ukiwa bado unatembea vizuri. Hakikisha umesajiliwa SHA sasa, si langoni. Kubaliana na mwenye gari, chukua nambari yake na ya mwingine wa akiba. Uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, kila dakika tano hivi, uwe tayari uko hospitalini, si ndiyo unafunga mkoba. Ukiwa mbali, ondoka mapema zaidi. Ukirudishwa kwamba bado, tafuta pa kulala karibu na hospitali, na usione aibu kurudi mara ya pili.

Na maji yakitoka, hasa yakiwa ya kijani au ya kahawia, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, uchungu ukikosa mapumziko au ukikatika ghafla, usiniandikie barua. Nenda hospitalini saa hiyo hiyo.